Godoro la Mtu Mmoja

Mwihoko, Ruiru
Jumamosi, 14 Juni 2025

Kaka yangu Kisilu,

Hamjambo huko Gatuanyaga? Huku tupo, baridi inatutafuna, na ukungu wa asubuhi unaingia kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga bila hata kubisha hodi.

Usishangae kupata barua ndani ya trei tupu za mayai. Ningepiga simu, lakini simu yako hufunguliwa spika kwa sababu ya hayo masikio yako. Nikisema neno moja wifi Wangechi ananijibu kabla yako, na jogoo naye anachangia. Kuna mambo sitaki jogoo ayajue. Kwa hivyo nimempa Kaloki. Yeye barua za watu hazimhusu. Akileta mayai huku, shauri lake ni trei zirudi kwenu bila kuvunjika.

Mitchell ni mzima. Alitutembelea kutoka Naivasha, amekonda, anasema ni mpango, hali wali. Nilimpakulia akala sahani mbili, kwa hivyo mpango una mapengo. Duka linaendelea. Nashona sweta za shule mpaka ndoto zangu ni za rangi ya samawati.

Baba Mitchell naye amestaafu, mwisho wa Mei. Miaka yote ile ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, wakamwandalia sherehe, wakampa keki. Mtu aliyepika mikate maisha yake yote unampa keki. Juu yake wakaongeza saa ya ukutani. Inalia kila saa ikitimia, na sisi wawili tunaigeukia, kisha tunaangalia pengine.

Sasa nina ombi dogo. Kile chumba cha nje mlichomjengea mwanenu Muoki kabla hajahamia Mombasa, kiko wazi? Naona Baba Mitchell angefaidika na hewa ya huko. Mwezi mmoja hivi, au miwili, au mpaka mwisho wa mwaka. Angekusaidia na mbuzi. Bado sijamwambia, kwa hivyo usimwambie.

Jambo jingine, la kuuliza tu: tangu wewe na Wangechi mstaafu, huwa mnafanya nini mchana kutwa?

Salimia wote, hata jogoo.

Dada yako,
Ndila


Gatuanyaga, Thika
Jumamosi, 28 Juni 2025

Dada Ndila, mwana wa mwaitu, mama yetu mmoja,

Barua yako ilifika ikinuka kuku, nami nimeisoma nyuma ya tangi la maji kama mwanafunzi wa darasa la saba aliyeandikiwa na msichana. Sisi ni wazima. Goti langu la kushoto limestaafu mara ya pili. Wangechi hajambo. Alikuwa nesi muda mrefu mno, kwa hivyo nikikohoa ananiangalia kama fomu ambayo haijajazwa vizuri. Muoki alipiga simu kutoka Mombasa kutuambia huko kuna joto. Tulimshukuru kwa taarifa.

Umeuliza tunafanya nini mchana kutwa. Hilo ni swali zuri, na mwalimu akipewa swali zuri hatosheki na jibu fupi.

Asubuhi kunakuwa na ukungu hadi huoni zizi. Tunabishana ni nani atatoka kitandani kuwasha moto. Nashindwa mimi. Nachemsha chai, Wangechi anakuja jikoni amejifunga shuka kichwani, anaonja, anaongeza majani, kwa sababu chai yangu anaiita maji ya kuoshea kikombe. Tunakula viazi vitamu vya jana vilivyobaki kwenye majivu.

Jua likipasua ukungu ndiyo kazi yetu inaanza. Tunatoa viti viwili, tunaviegemeza ukuta wa jikoni, tunaota jua. Jua likisogea nasi tunasogea: kutoka ukuta wa jikoni hadi tangi, kutoka tangi hadi kando ya boma la mbuzi. Siku hizi mbaazi zimeanza kukomaa, kwa hivyo tunaambua huku tunaota. Mimi nala mbichi moja kwa kila tatu ninazotia bakulini. Wangechi anajua. Nikisimulia kisa cha hedimasta wa zamani aliyefukuzwa na nyuki siku ya mkutano wa wazazi, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha ananiambia mara ya mwisho nyuki walikuwa wachache.

Mchana ni muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi. Baadaye nalala kidogo na gazeti usoni, ili ionekane ninasoma. Jioni tunatembea mpaka barabarani kuhesabiwa na vumbi la pikipiki, tunaangalia nani amerudi kutoka Thika na amebeba nini, tunarudi tukiwajadili. Basi. Ukiandika kwenye daftari utaona hatujafanya chochote, na ilhali jioni nimechoka kama niliyelima.

Kuhusu chumba: kipo, ila kuku wa Wangechi wametaga chini ya kitanda na wanalalia. Kuwahamisha kunahitaji mazungumzo, na mazungumzo yanahitaji sababu. Kwa hivyo niambie, mwana wa mwaitu. Baba Mitchell anaumwa? Mmegombana?

Wako,
Kisilu


Mwihoko
Jumamosi, 5 Julai 2025

Kaka Kisilu,

Asante kwa mayai, na kwa lile moja lililovunjikia neno "goti". Hapa ni wazima. Ngendo, jirani yangu wa mlango wa kulia, amenunua mtungi mpya wa maji, na ploti nzima tumealikwa kuutazama.

Haumwi. Hatujagombana. Hapo ndipo shida ilipo.

Hebu kumbuka tulivyoishi. Asubuhi alikuwa akirudi kutoka kazini ana unga kwenye nyusi, anabisha hodi kwa kidole kimoja, namfungulia nikiwa tayari na mkoba begani. Pale mlangoni, tumesimama, ndipo tulipokuwa mke na mume. Mimi nasema: Mitchell ana homa, dawa iko juu ya kabati, gesi inakaribia kuisha, kuna chai. Yeye anasema: maji yamekuja, Kiama wa ploti anataka kodi mapema, kuna mkate wa moto kwenye mfuko. Kisha mimi natoka, yeye anaingia. Jioni tunapokezana tena, yeye anatoka. Kaka, hiyo ndiyo ndoa yangu. Siku yake ya mapumziko alikuwa analala, na mimi nilikuwa kanisani.

Sasa yuko ndani. Nikiamka yuko. Nikirudi yuko. Amekaa kwenye kiti, miguu ameikusanya asiizuie njia. Juzi aliniuliza kama anaweza kutumia sufuria ya kijani. Nyumba yake mwenyewe, na ananiomba sufuria. Nikamwambia tumia, karibu. Nilimkaribisha, Kisilu, kama mgeni. Tukila, nasikia tunavyotafuna. Ile saa ikilia tunashukuru sote.

Si mtu mbaya. Ukiniuliza ubaya wake sitapata hata mmoja wa kukupa. Sijui tu niangalie wapi. Siku hizi nafungua duka kabla ya watu wa mandazi na nalifunga baada ya watu wa chipsi.

Kwa hivyo ongea na kuku. Naomba chumba.

Ndila

Nimesahau: hizo habari zenu za kuota jua nilizisoma mara mbili. Usijisifu.


Gatuanyaga
Jumamosi, 2 Agosti 2025

Dada Ndila,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kaloki alipasua tairi, halafu akapatwa na mafua, halafu akapona nikawa sijamaliza kuandika. Mimi ni mtu wa kuanza barua vizuri. Mwisho ndio hunishinda.

Ni wazima wote. Kuku wameangua vifaranga saba, mwewe amechukua mmoja, na mimi nimelaumiwa kwa sababu nilikuwa nimelala na gazeti. Mbaazi sasa ni nyingi hadi mbuzi wanazikataa.

Nimefanya ulivyotaka. Chumba kimefagiliwa. Kitanda nimekipiga misumari miwili, kinalia kidogo upande wa ukuta lakini mtu akilala upande wa mlango hakisemi kitu. Godoro jipya nimelipata Thika, zuri, la kipimo sahihi kabisa. Katika mambo ya vipimo sipendi kubahatisha.

Wangechi sasa anajua. Sikumwambia. Nilikuwa nasoma barua yako na inaonekana huwa nasoma kwa sauti, eti hata wale wa boma la pili wamesikia habari za sufuria ya kijani. Ananilaumu kwamba nimeharakisha. Lakini nami ninalo langu la kusema, kama kaka: kabla hujamtuma huku, jaribuni siku moja kama yetu. Toeni viti viwili nje, mkae kwenye jua, mwambue chochote. Usiende dukani mpaka saa nne. Kama haikusaidia, Kaloki atakuja na pikapu Jumamosi ya tarehe 23 kuchukua trei zote na mizigo, na Baba Mitchell atapanda mbele kwa heshima zote.

Nampa Wangechi kalamu kabla hajaninyang'anya.

Wifi yangu Ndila, pole na kazi. Usimsikilize sana huyu. Ile siku aliyokuandikia ni ya kweli, lakini ameitoa ganda. Alipostaafu alinifuata hadi jikoni akinisahihisha. Kitunguu nikikata, anasema sivyo. Sufuria nikifunika, anauliza kwa nini. Viti vilitoka nje kwa sababu nilivitupa nje, chake kwanza. Akaketi hapo akanuna, ukuta ukawa na jua, hakurudi. Siku ya tatu nikampelekea mbaazi aambue angalau atulie mikono. Siku nyingine nikatoka na mimi, nikakaa nimempa mgongo. Siku niliyogeuka siikumbuki. Hakuna siku ya kukuonyesha.

Viti ni vyetu, wifi, vilitoka kwa ugomvi wetu. Ninyi tafuteni cha kwenu. Na mume si mbuzi wa kupelekwa malishoni, ingawa akija atakula vizuri.

Wako Wangechi (na Kisilu, ambaye anadai nyuki walikuwa wengi)


Mwihoko
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kaka Kisilu, na wifi kwa sababu najua unasikiliza,

Hapa ni wazima, ingawa kwa asubuhi moja ploti nzima iliamini kuna aliyekufa.

Nilifuata ushauri wa mwalimu. Juzi Alhamisi nilimwambia Baba Mitchell tukae nje tuote jua. Akauliza kwa nini. Nikasema shemeji yako ameandika. Akachukua viti viwili vya plastiki, vile vyeupe, akavipanga kando ya mlango. Jua letu si kama lenu. Linashuka kati ya ghorofa mbili kama mtu anayepita kwenye uchochoro, na halikai. Tukakaa. Nilikuwa nimejifunga leso kichwani kwa ajili ya baridi. Sikuwa na mbaazi, nikashika mikono yangu. Baba Mitchell alikuwa anaangalia chini.

Sasa wewe fikiria. Asubuhi ya siku ya kazi, duka langu limefungwa, mtu na mkewe kwenye viti vya plastiki nje ya mlango, leso kichwani, hawaongei.

Wa kwanza alikuwa Ngendo. Alipita, akarudi, akaingia kwake akatoka na chupa ya chai na vikombe, akasimama mbele yetu akaniwekea mkono begani. Pole sana, Mama Mitchell. Nikajibu asante, maana mtu akikuambia pole unafanyaje? Kiama, mtunza ploti, akaja na viti vingine vinne bila kuulizwa. Mama wa chipsi akaja. Wazee wawili wa ghorofani wakashuka wamevua kofia. Jua likaondoka, watu wakabaki. Mwishowe Ngendo akainama akaniuliza polepole, ni wa upande wako au wa Baba Mitchell, na mwili uko wapi.

Nilitamani kweli kuwe na mtu, Mungu anisamehe, ili nisiaibike. Ndipo Baba Mitchell akainua kichwa.

"Hakuna aliyekufa, Mama," akamwambia. "Nimestaafu."

Kisha mmoja wa wale wazee akavaa kofia, akasema hata hilo linahitaji chai, na wakakaa. Wakainywa yote, Kisilu. Walipoondoka, Baba Mitchell alikuwa anacheka hadi anashika kiti. Sikuwa nimemwona akicheka mchana, wala sikujua hufunga macho akicheka. Nami nikacheka. Nilifikiri, hapo, kwamba labda haitahitajika pikapu.

Kisha jioni akaniuliza jambo. Nilikuwa napiga pasi, amesimama karibu na kabati.

"Huko Gatuanyaga asubuhi ni baridi sana? Nibebe ile sweta ya kiwandani?"

Sikuwa nimemwambia, Kisilu. Sikumwambia yeye, wala Mitchell, wala mchungaji. Nikamuuliza ametoa wapi habari hiyo. Akasema Mwalimu alipiga simu mwezi uliopita, akamuuliza huwa analalia godoro la inchi ngapi. Akakujibu inchi sita zinatosha, kwa mtu mmoja.

Yaani alijua. Alijua siku ya viti, alijua alipokuwa anacheka. Mwezi mzima amekuwa akiniomba sufuria huku anajua, na hakuuliza chochote isipokuwa hali ya hewa. Mkoba wake ameshaupanga. Uko nyuma ya mlango, umefungwa zipu.

Wewe na vipimo vyako.

Nilisema pasi inaungua, na haikuwa inaungua. Kesho yake nilishona mkono wa sweta ya mtoto wa watu ndani nje, nikaushona tena vilevile.

Sijui nimwambie nini. Ila ile ya kiwandani nimeificha.

Ndila


Gatuanyaga
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Dada yangu,

Leo sitakuuliza habari. Natuma zangu: niko hai, lakini si kwa sababu mke wangu amependa.

Niliposoma kuhusu inchi (kimoyomoyo, nikidhani hivyo) Wangechi aliweka bakuli chini. Tangu hapo anazungumza nami kwa kupitia kuku. Anamwambia yule mwekundu: mwambie huyo chai iko tayari, mwambie huyo aliye na simu kubwa kuliko akili. Nimemjibu kupitia kwa huyohuyo. Kuku amechoka na sisi.

Ndila, sikukusudia. Nilisimama dukani Thika, muuzaji akaniuliza inchi ngapi, nikaona kubahatisha mgongo wa shemeji yangu ni utovu wa heshima. Nikampigia hapohapo. Hakushtuka. Alinijibu kwa adabu, akaniuliza mbuzi wanaendeleaje, akaniaga. Nilipokata simu nilijisikia nimefanya kazi nzuri. Hivyo ndivyo nilivyo.

Kaloki anakuja Jumamosi ijayo na pikapu, mapema kabla ya jua. Sitamzuia na sitamhimiza. Baba Mitchell akishuka huku, chumba ni chake na tutamtendea kama ndugu. Kaloki akirudi na trei tu, nitavumilia kulalia godoro jipya mimi mwenyewe, maana kwa hali ilivyo sasa huenda nikalihitaji kabla ya mtu yeyote.

Wangechi anamwambia kuku akuambie: jibu swali la sweta.

Kaka yako,
Kisilu


Mwihoko
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Kaka Kisilu na wifi Wangechi,

Natumai mmeanza kuongea ana kwa ana na kuku amepumzika. Mitchell anawasalimu, mpango wa kutokula wali umekufa, na huo ndio msiba pekee tulionao. Kaloki amewaambia alirudi na trei tu, lakini kwa sababu yeye hasemi zaidi ya trei, nawaandikia mengine.

Ile asubuhi niliamka nikamkuta ameshavaa. Amenyoa ndevu. Shati la kanisani. Hakuwa na sweta, na hakuniuliza iko wapi. Aliutoa mkoba nyuma ya mlango, akauweka karibu na kizingiti, akasema anaenda barabarani kuangalia kama Kaloki amefika. Akatoka, akafunga mlango pole, kama alivyokuwa akifunga zamani nikiwa nimelala.

Nikabaki nimesimama katikati ya nyumba. Nilitaka kwenda kuitoa ile sweta. Nilitaka kwenda dukani nisimwone akiondoka, na kusema kweli nilikuwa nimeshaning'iniza mkoba wangu begani bila kujijua. Ndipo nikasikia hodi.

Kidole kimoja, wifi. Mara mbili, halafu moja. Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo, angesukuma tu. Nadhani ni mkono uliokumbuka. Alikuwa ametoka nje asubuhi na sasa anarudi, na akirudi asubuhi hubisha.

Nikafungua. Alisimama pale na ukungu kwenye nywele, mahali penye unga zamani. Nasi tukatazamana kama kawaida yetu.

"Kaloki hajafika," akasema. "Maji yamekuja. Ule mtungi wa Ngendo unavuja, nimemwekea beseni."

Na mimi, kaka, sikufikiri. Nikajibu ninavyojibu miaka yote. "Mitchell alipiga jana. Gesi inakaribia kuisha. Kuna chai."

Hapo ndipo mimi hutoka naye huingia. Alisogea kando kunipisha. Mimi nilisogea kando kumpisha. Tukabaki hivyo, mlango wazi, baridi inaingia, kila mmoja anamngojea mwenzake aondoke.

Akaniuliza, "Leo zamu ni ya nani?"

Nilitaka kumjibu kitu kizuri. Nilichoweza ni kuvua mkoba begani, nikauweka juu ya mkoba wake.

"Keti kwanza," nikamwambia. "Unaingiza baridi."

Hatukutoa viti, tulishajifunza. Tuliketi pale pale kizingitini, yeye miguu ndani, mimi miguu nje, sufuria ya kijani katikati yetu na chai ndani yake, kwa sababu hakuna aliyetaka kuinuka kutafuta chupa. Aliniambia mambo ya kiwandani ambayo hayakuwahi kutoshea katika zile dakika zetu. Kumbe kulikuwa na paka wa stoo ya unga, na mwenzake aitwaye Ngigi aliyekuwa akiimba mpaka mashine inazimwa. Kumbe alikuwa akitia chumvi kidogo zaidi kwenye ule mkate wa kuniletea, kwa kuwa aliwahi kunisikia nikilalamika, mwaka ambao hata Mitchell hajazaliwa. Mimi nilikuwa nadhani ni mkate kama wa watu wengine.

Kiama alipita akairuka miguu yangu bila kusema pole. Kaloki akafika, akakunywa chai amesimama, akahesabu trei zake, akaondoka.

Sasa usifikiri tumekuwa kama ninyi. Mezani bado tunatafuna tu. Kochi bado linatushinda. Lakini kila asubuhi Baba Mitchell anavaa viatu, anazunguka ploti, anaangalia maji, anaangalia mtungi wa Ngendo, anarudi anabisha. Namfungulia. Ananipa ripoti, nampa yangu, tunaketi. Jua letu la uchochoroni likifika, linatukuta hapo, linatugusa magoti, linapita. Duka nafungua saa nne. Wateja wamenuna wakazoea. Jana aliitumia sufuria bila kuniuliza, akaiunguza, nikamkaripia vizuri sana. Tulifurahi sote.

Sweta nilimrudishia. Ilikuwa na tundu kwenye kiwiko, nimelishona. Akauliza ilikuwa wapi muda wote huo. Nikamwambia kwa fundi.

Wifi, umesema hakuna siku ya kuonyesha. Mimi ninayo, nimekuzidi kwa hilo. Mwambie kaka mbaazi zikikauka atuwekee za mbegu, tutakuja Desemba kuota jua la bure na kusikia nyuki wamefika wangapi. Chumba warudishieni kuku mpaka wakati huo.

Na lile godoro, Kisilu, kama bado una risiti, lirudishe dukani wakubadilishie. Usipige simu kuuliza kipimo. Kubwa.

Dada yako,
Ndila